Kisu kutokana na Panga Kuukuu: Joto na Ugumu wa Feleji katika Karakana ya Nyumbani

Panga lililochakaa halitupwi. Lile ambalo limeliwa na tupa na kinoo hadi likabaki nusu ya upana wake wa awali, au lile lililokatika karibu na mpini, huchomekwa darini likangojea siku litakapohitajiwa. Mara nyingi siku hiyo huwa ni ile ambayo nyumba imekosa kisu kizuri cha jikoni. Bapa la panga ni feleji halisi iliyokwisha kupikwa kiwandani, unene wake ni milimita 2 au 3 hivi, na mtu mwenye jiliwa, msumeno wa chuma, tupa mbili na drili anaweza kulichonga liwe kisu cha umbo alitakalo, chenye mpini unaoenea katika kiganja chake mwenyewe.

Hata hivyo, visu vingi vinavyotengenezwa kwa njia hii huwavunja moyo wenye navyo. Vinapendeza machoni, hukata vizuri siku ya kwanza na ya pili, kisha makali hujikunja na kuwa butu. Vikinolewa leo, kesho vinahitaji kunolewa tena. Basi watu husema kwamba feleji ya siku hizi haifai. Yawezekana baadhi ya mapanga yanayouzwa madukani ni hafifu kweli, lakini mara nyingi panga lile lile lilikata miti kwa miaka kumi bila malalamiko. Lililoharibu feleji yake ni joto lililoingia makalini wakati fundi alipokuwa akilichonga kwa mashine, kwa muda wa sekunde chache tu. Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyotokea, na namna ya kulikwepa, hapana budi tutazame kwanza ugumu wa feleji unatoka wapi.

Kaboni na moto

Feleji, ambayo wengine huiita pua, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Neno "kidogo" hapa ni la kutiliwa mkazo. Msumari wa kawaida una kaboni isiyozidi asilimia 0.25, bapa la panga aghalabu huwa na kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.75, tupa huwa na asilimia 1 au zaidi kidogo. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoamua kama chuma kitaweza kugumishwa au la. Msumari, hata ukipashwa moto na kutoswa majini mara mia, hautashika makali ya kudumu.

(Maarifa haya si mageni katika nchi zetu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya tanuri za kale za Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, na kueleza kwamba kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita wahunzi wa huko walikuwa wakipata feleji yenye kaboni kutoka katika tanuri hizo za udongo.)

Katika feleji iliyo baridi, atomu za chuma zimejipanga kwa mfano wa michemraba midogo mno, kila pembe ya mchemraba ikiwa na atomu moja, na atomu nyingine ikiwa katikati. Nafasi zilizobaki baina yake ni finyu, na kaboni haipati pa kukaa. Hujitenga pembeni, ikaungana na sehemu ya chuma na kufanya tabaka nyembamba. Feleji inapopashwa joto kupita nyuzi 727 za Sentigredi, mpangilio huo huanza kubadilika. Atomu hujipanga upya, safari hii zikiwa katika pembe na katika uso wa kila upande wa mchemraba, na hapo hupatikana nafasi kubwa zaidi ambazo kaboni huingia na kuenea. Hali hiyo huitwa ostenaiti, kwa kumkumbuka mtaalamu wa Uingereza, William Chandler Roberts-Austen.

Feleji ikiachwa ipoe polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na kujitenga tena kama awali, na chuma huwa laini. Lakini ikitoswa ghafla katika mafuta, atomu za chuma hujaribu kurudi katika mpangilio wake wa zamani huku kaboni ingali imenaswa ndani. Michemraba huvutwa ikapotoka, na chuma chote huwa kama kamba iliyokazwa pande zote: hakuna tabaka la atomu linaloweza kuteleza juu ya jingine. Huo ndio ugumu. Hali hii huitwa martensaiti, kutokana na jina la Adolf Martens wa Ujerumani. Feleji ya namna hii hukwaruza kioo, lakini pia huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa joto mara ya pili, joto dogo, ili sehemu ya kaboni iliyonaswa itoke kidogo na mkazo upungue. Kazi hiyo tutaiita kutuliza feleji.

Sasa tazama matokeo yake. Kutuliza hutegemea joto la juu kabisa ambalo feleji imefikia. Kisu kilichotulizwa katika nyuzi 200 ni kigumu. Kikifikia nyuzi 300 hulegea. Kikifikia nyuzi 500 hubaki na ugumu mdogo tu. Wala kupoa hakurudishi kilichopotea. Ukikitosa majini baada ya kufika nyuzi 400, unapoza feleji ambayo tayari imelegea, kwani ili igumike upya ni lazima ivuke tena zile nyuzi 727.

Rangi zinazoonya

Kwa bahati nzuri feleji hueleza yenyewe imefikia joto gani. Ikiwa imesuguliwa ikang'aa, oksijeni ya hewani huungana na uso wake na kufanya utando mwembamba mno, na kadiri joto linavyopanda ndivyo utando unavyonenepa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, baadhi ya rangi zikafutana na nyingine zikabaki, kama inavyotokea katika mafuta yaliyomwagika juu ya maji barabarani. Katika nyuzi 220 hivi feleji huwa ya manjano hafifu, kama majani makavu. Karibu na nyuzi 250 huwa kahawia. Nyuzi 280 huwa zambarau. Na nyuzi 300 huwa buluu. Hizi ni rangi za feleji ya kaboni peke yake. Visu visivyoshika kutu, ambavyo vina kromi asilimia 10.5 au zaidi, hubadilika rangi katika joto la juu zaidi, na ukingojea uione buluu utakuwa umechelewa.

Mtu anayechonga bapa kwa jiwe la mashine ataona wakati mwingine mstari wa buluu ukitokea ghafla makalini. Makali hutangulia kupata moto kwa sababu ni membamba: hayana chuma cha kutosha cha kuligawa joto, nalo halina pa kukimbilia. Mgongo wa kisu unaweza kuwa vuguvugu huku makali yamepita nyuzi 300. Wapo mafundi ambao hapo huchukua msasa na kuufuta ule mstari. Kisu hung'aa, mnunuzi hupendezwa, lakini kilichofutwa ni utando tu. Feleji iliyo chini yake imekwisha kulegea. Dawa ni kuondoa kwa tupa, pasipo joto, sehemu yote iliyobadilika rangi na milimita moja zaidi, hadi kuifikia feleji nzuri iliyo nyuma yake.

Kulichonga bapa

Panga hunolewa kwa tupa. Jambo hilo dogo linatueleza kwamba feleji yake ni laini kuliko tupa, na kwa hiyo inaweza kukatwa na kuchongwa kwa mkono bila kupashwa joto kamwe. Kwa maoni yangu, anayetengeneza kisu chake cha kwanza asiiguse mashine. Kazi itachukua jioni mbili au tatu badala ya saa moja, lakini ugumu uliotiwa kiwandani utabaki wote.

Kabla ya kuanza, hakikisha kwamba bapa lina ugumu huo. Pitisha tupa penye ukingo wake, kisha upitishe tupa ile ile juu ya msumari mnene. Ikiwa tupa inauma vyote viwili sawasawa, panga hilo halikugumishwa au lilikwisha kuungua. Njia nyingine ni kugusisha pembe ya bapa kwenye jiwe la mashine mahali patakapokatwa na kutupwa: kaboni inapoungua hupasua cheche, hivyo feleji yenye kaboni ya kutosha hutoa cheche zenye matawi mengi kama nyota, ambapo chuma laini hutoa mistari mirefu yenye matawi machache.

Chora umbo la kisu juu ya karatasi ngumu, ulibandike kwenye bapa na kulifuatisha kwa ncha ya msumari. Tumia sehemu iliyo karibu na mgongo wa panga, ambayo haikuliwa na kinoo. Ikiwa panga ni zima upande wa mpini, lihifadhi shina lake la asili, yaani msuka, pamoja na matundu yake, kwani kutoboa feleji iliyogumishwa ni kazi ya kuchosha. Inapolazimu kutoboa, endesha drili polepole, kandamiza kwa nguvu na utie mafuta. Drili inayozunguka kwa kasi bila kukata hupata moto na kuharibika yenyewe.

Kazi kubwa ni kulipunguza bapa unene. Panga limekusudiwa kupiga, nalo lahitaji uzito na unene. Kisu cha jikoni kimekusudiwa kupenya. Mtu akikata kiazi, makali hufungua njia mwanzoni tu. Kinachofuata ni bapa linalosukuma pande mbili za kiazi zitengane, na bapa nene hupasua mahali pa kukata. Kwa hiyo chonga kuanzia mgongoni, upungue taratibu pande zote mbili, hadi unene karibu na makali uwe nusu milimita. Makali yenyewe yatakuja mwisho.

Anayetumia grainda au jiwe la mashine ashike bapa kwa vidole vitupu, pasipo glovu, mradi amevaa miwani ya kinga. Kidole hakivumilii joto la nyuzi 50, na huo ni mpaka ulio mbali sana na hatari. Pitisha mara moja, tia majini. Pitisha mara moja, tia majini. Unapokaribia unene wa milimita moja, zima mashine na urudi kwenye tupa na msasa, kwa kuwa katika wembamba huo joto huwahi makalini kabla halijafika kidoleni.

Ikiwa ugumu umepotea

Panga lililookotwa kwenye jalala lililochomwa moto, au bapa ambalo limeiva buluu lote, laweza kuokolewa kwa kuligumisha upya. Hii ni kazi ya nje ya nyumba, mbali na watoto na makuti. Usijaribu kwa kisu kisichoshika kutu: aina hizo huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 1,000 au zaidi, lililopimwa kwa uangalifu, nalo halipatikani kwa kukisia katika moto wa mkaa.

Safari hii bapa liachwe nene kidogo makalini, karibu milimita moja, maana chembamba mno hupinda au kupasuka. Washa mkaa kwa mivuo au feni, mahali penye kivuli ili rangi ya feleji ionekane. Pasha bapa sawasawa hadi liwe jekundu, kisha liguse kwa sumaku. Ile ya spika ya redio iliyoharibika yatosha, ikifungwa kwenye waya mrefu. Feleji inapogeuka kuwa ostenaiti sumaku hukoma kuivuta. Ngoja iive kidogo zaidi ya hapo, wekundu ung'ae kidogo, kisha itose katika mafuta ya kupikia yaliyomo ndani ya chombo kirefu cha chuma, makali yakiwa chini, na usiyumbishe kando, kwani bapa litapinda. Mafuta yapashwe kwanza hadi nyuzi 50 au 60. Huenda msomaji akashangaa kwamba mafuta ya moto hupoza upesi kuliko ya baridi, lakini ndivyo ilivyo: yakiwa mepesi huzunguka kwa haraka na kuliondoa joto. Weka karibu mfuniko wa chuma wa kufunika chombo endapo mafuta yatawaka, na kamwe usiyamwagie maji. Mafuta machafu ya injini hayafai, maana moshi wake ni sumu.

Tupa ikipitishwa juu ya bapa lililogumika huteleza kama inayopita juu ya kioo. Usiliangushe sasa, wala usilale kabla ya kulituliza. Lisugue ling'ae, weka mchanga mkavu katika kikaango juu ya jiko la mkaa, na usimamishe kisu mgongo ukiwa mchangani na makali juu. Joto litapanda kutoka mgongoni, na rangi zitapanda pamoja nalo. Mgongo ukifika zambarau huku makali yakiwa ya manjano iliyokolea, kiondoe upesi na ukitie majini. Utakuwa na mgongo mvumilivu na makali magumu katika kisu kimoja.

Mpini

Mpini ni jambo la mkono wa mtu, na hapa sheria ni chache. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hudumu sana. Mninga na msaji ni rahisi zaidi kuchonga. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, hivyo funika pua na mdomo. La maana kuliko aina ya mti ni ukavu wake. Mbao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa, na inapokauka husinyaa kwa upana, ila kwa urefu hubadilika kidogo mno. Mpini uliochongwa Tanga kwa mti mbichi ukapelekwa Dodoma utapasuka penye riveti, kwa sababu feleji iliyo katikati haisinyai nao. Ubao uliokaa darini mwaka mmoja na zaidi ni bora.

Kwa msuka mpana, vipande viwili vya ubao hubanwa huku na huku kwa gundi ya epoksi na riveti za shaba. Matundu ya msuka yawe makubwa kidogo kuliko riveti, na riveti zigongwe kwa nyundo nyepesi, maana zinaponenepa kupita kiasi hupasua mti. Kwa msuka mwembamba, mafundi wengi huupasha moto hadi uwe mwekundu na kuuchomeka ndani ya mpini uliotobolewa. Ni njia nzuri ya kale, lakini moto wa msukani husafiri hadi bapani. Bapa lifungwe kwa kitambaa kilicholowa maji chapachapa, na kitambaa kiongezewe maji kadiri kinavyotoa mvuke. Kisha pete ya chuma, yaani noleo, huvishwa mwanzoni mwa mpini ili usipasuke.

Umbo liwe la yai, lisiwe mviringo kamili, ili mkono ujue makali yaelekea wapi bila kutazama. Lijaribu kwa mkono uliolowa maji ya sabuni kabla ya kumaliza. Mpini mzuri wa dukani mara nyingi hushindwa hapo. Umaliziwe kwa mafuta ya kitani, ambayo hunywa oksijeni na kuganda ndani ya mti. Mafuta ya nazi hayagandi hivyo, nayo hushika uchafu na kuchacha. Vitambaa vilivyopakia mafuta ya kitani visikunjwe na kuachwa kwenye kona, kwa kuwa katika kuganda mafuta hayo hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandazwe nje au viloweshwe maji.

Makali

Kila upande wa kisu cha jikoni unolewe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Hakuna haja ya kifaa cha kupimia. Kwa bapa la upana wa milimita 40, mgongo ukiinuliwa milimita 10 juu ya kinoo hupatikana nyuzi 15; ukiinuliwa milimita 14 hupatikana 20. Weka kibao cha unene huo chini ya mgongo mwanzoni, mpaka mkono uzoee. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, ukikivuta kutoka bapani kwenda nje, kiunyuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili. Hapo geuza. Malizia kwa kinoo laini, ukipunguza nguvu, hadi kiunyuzi hicho kitoweke.

Nyanya iliyoiva hupima vizuri: kisu kiingie ganda lake kwa uzito wake chenyewe, bila kukandamizwa. Kipimo cha pili huja baada ya wiki kadhaa za matumizi, na hufanyika kwa kuyatazama makali dhidi ya mwanga. Yakiwa yamejikunja upande, feleji ni laini mno au pembe ni kali mno. Ongeza nyuzi chache za pembe kwanza, na ikiwa hilo halisaidii, kisu kigumishwe upya. Yakiwa yamemeguka vipande vidogo, feleji haikutulizwa vya kutosha. Kisu cha namna hiyo hurudishwa mchangani baada ya kukiondolea mpini, kikaachwa hadi makali yafike kahawia, kisha kikanolewa tena.